Samaki Waliomaliza Kutaga

Ilikuwa mwaka wa 1999. Hapana, nimekosea, tuanze vizuri. Mwaka wa 1999 mimi nilikuwa bado Luvungi, nalima muhogo kwenye shamba la shemeji, na njia ya kupanda Bukavu ilikuwa njia ya kufia. Nilipanda mwisho wa mwaka ule. Na siku ninayotaka kuisema, Papa Zagabe na mimi tulikuwa tumeshavua pamoja musimu muzima. Basi ni 2001, mwezi wa tano, mvua zikianza kutuacha. Agnès, bibi yangu, akisoma hapa atasema ni 2002, lakini yeye anahesabu miaka kwa kuzaa, na watoto wetu wamefuatana sana. Tuseme 2001. Vita ilikuwa ile ya pili, na muji ulikuwa mikononi mwa askari, na juu ya kila kilima kulikuwa macho.

Papa Zagabe hakuwa mukubwa wa kitu chochote. Alizaliwa Luhwindja, kule juu penye dhahabu. Baba yake alichimba, naye akachimba, mpaka siku shimo lilipomwangukia na wenzake wakamvuta nje kwa miguu kama muhogo. Hakuingia tena chini ya udongo. Hata cave, chumba cha chini ya nyumba ya mutu, hakuingia. Alishuka bondeni, Luvungi, akapewa kazi ya kufungua na kufunga maji kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Huko ndiko nilimjua kwanza, nikiwa kijana na yeye mutu muzima. Maji ya mufereji ni madogo, na asubuhi kabla watu hawajaingia yanaonyesha mpaka chini, basi yeye alikuwa analala kwa tumbo kwenye ukingo na kuangalia samaki. Watu walimcheka. Walisema Zagabe amepoteza dhahabu, sasa anaitafuta ndani ya mpunga.

Baadaye alipanda Bukavu, akaoa Apolline, mwanamuke wa Nyalukemba anayeuza samaki ku soko ya Nyawera, akanunua mutumbwi. Mutu wa milima, hakujua kuogelea. Hakujifunza. Alisema mutu anayejua kuogelea hana heshima kwa maji. Mimi nilipofika muji bila kazi, alinipa kasia, akasema, "Firmin, wewe endesha, mimi nitaangalia." Hiyo ndiyo ilikuwa embauche yangu, kuandikwa kazi.

Sasa niseme alichokuwa anajua, maana bila hiyo hamutaelewa woga wa siku ile.

Kumpata tilapia wakati wa kutaga si kazi. Dume anakuja penye maji mafupi, anachimba muchanga kwa kinywa chake mpaka inakuwa duara kama sahani, na anakaa juu ya sahani yake kama mwenye nyumba. Hata kipofu anaweza kumvua. Jike anachukua mayai kinywani, anaenda kujificha kwenye majani. Lakini mvua zikikatika, kutaga kukiisha, unaamka asubuhi moja na sahani zote ni tupu. Hapo wavuvi wa ndoano walikuwa wanafunga mitumbwi na kukaa. Walikuwa na muzaha wao: "Samaki nao wamekimbia vita. Wamevuka Rwanda, wako réfugiés."

Papa Zagabe hakucheka. "Hawakuenda mahali," alikuwa anasema. "Wamechoka tu. Wewe ukimaliza harusi utabaki barazani? Unatafuta kivuli."

Kivuli chao ni pale chini ya ziwa panapovunjika, muchanga unapoishia na maji kuwa marefu mara moja. Pale wanatafuta kitu cha kukaa karibu nacho: jiwe, muti ulioanguka. Kwa hiyo Papa Zagabe alikuwa amewajengea. Alifunga matawi ya miti na mawe, akayazamisha kwenye ukingo ule, mbali na pwani, mahali ambapo juu hapaonyeshi kitu. Maji matupu. Hakuweka boya, maana boya ni kumwita mwizi.

Basi anapaona namna gani? Kwa alama. Alikuwa anasimamisha kidole gumba mbele ya uso, anafunga jicho moja, na kulinganisha. Kuba ya kanisa kubwa ikikaa sawasawa juu ya paa jekundu la nyumba fulani ya pwani, hiyo ni njia ya kwanza. Ncha ya rasi ikigusa muti mumoja wa mukaratusi kule kilimani, hiyo ni ya pili. Njia mbili zikikatana, uko juu ya matawi. Anasema, "Simamisha," na mimi nasimamisha, na ndoano inashuka moja kwa moja nyumbani kwa samaki.

Halafu askari walikuja kukaa juu ya kile kilima na kukata ule mukaratusi, sijui kwa kupika au kwa kuona vizuri. Mahali pake wakasimamisha antena ndefu ya chuma ya radio yao. Papa Zagabe alisikitika siku moja tu. Kesho yake nikamwona anainua kidole, anafunga jicho, anatabasamu.

"Wametupatia alama nzuri kuliko ile," aliniambia. "Hii haitikisiki na upepo."

Mimi nilicheka naye. Mutu anayetafuta samaki anaona samaki tu. Hakuona kwamba sasa, kila asubuhi, alikuwa anaelekeza kidole kwenye radio ya jeshi wakati wa vita.

Asubuhi ile tulifika pwani, jua likiwa limeshapanda kidogo, tukakuta askari wamekaa juu ya mutumbwi wetu. Komanda wao alikuwa na shavu lililovimba, jino lilikuwa linamuuma, na alikuwa ameshika kitambaa cha maji ya moto juu yake. Mutu mwenye maumivu na bunduki, huyo muogope mara mbili. Apolline alikuwa amefika mbele yetu na beseni yake, kama kila siku, wakamwambia akae juu ya jiwe. Alikuwa amekaa. Beseni ilikuwa juu ya magoti.

"Nani Zagabe?" komanda akauliza.

"Ni mimi, afande."

"Ni wewe unapimaka position yetu?"

"Mi napima? Hapana, afande. Mi natafutaka samaki."

"Samaki iko ku mulima?"

Askari wakacheka. Papa Zagabe naye akajaribu kucheka, mudomo ukakataa.

"Iko mu maji, afande. Ku mulima ni alama tu."

"Alama ya nini? Ya bomu?" Komanda akatema mate, yalikuwa na damu. "Muzee, mi nimeuaka watu kwa kosa ya kidogo kuliko hii. Unaonyesha antena yangu na kidole kila siku, halafu unaniambia samaki. Wavuvi wote wamefunga mitumbwi, wanasema samaki imeisha. Ni weye moja tu unaendaka. Sema mwenyewe, ni vizuri?"

Hapo niliona shida yote. Elimu yake yenyewe ndiyo ilikuwa inamshitaki. Angekuwa muvuvi mubaya, angekuwa nyumbani amekaa kama wengine.

Papa Zagabe alipiga magoti. Akasema, "Afande, nitakuonyesha. Ziko pale, mu maji matupu. Nikileta samaki, utajua. Nisipoleta..."

"Usipoleta, mi ndiye nitamaliza hiyo fraze," komanda akasema. "Nenda sasa. Bibi atabaki hapa na mimi."

Wakatupatia askari mumoja, mutu mwenye mvi za ndevu, wa kuja kutoka mbali, asiyejua ziwa. Alikaa katikati ya mutumbwi, bunduki juu ya mapaja, mikono miwili imeshika kingo. Papa Zagabe mbele, mimi nyuma na kasia. Mutumbwi ulipoachana na pwani yule askari akapiga kelele.

"E! Unatikisika!"

"Ni maji, chef," nikamwambia. "Inatikisikaka."

"Uambie isitikisike!"

Siku nyingine ningecheka mpaka kulia. Siku ile niliona kitu kimoja tu: mutu mwenye woga na kidole karibu na chuma cha kufyatulia. Nilipiga kasia kama mutu anayepakaa mafuta mutoto muchanga.

Tulifika kwenye njia ya kwanza. Kuba juu ya paa jekundu, sawasawa. Tukafuata. Nikaona Papa Zagabe anageuza uso kule kilimani kutafuta ya pili, na mukono unaanza kupanda.

"Shusha mukono!" askari akasema.

Mukono ukashuka. Lakini uso ulibaki kule, na nikaangalia pale alipoangalia. Antena haikuwepo. Walikuwa wameiondoa. Nadhani walipoambiwa kwamba mutu anaipima, waliihamisha, na ndiyo kazi ya askari. Kilima kilikuwa kilima tu, udongo na hema.

Sikuweza kumwuliza kitu. Tungesema Mashi, lugha ya kwetu, askari angefikiri tunapanga kumzamisha. Tungesema Kiswahili, angesikia kwamba muzee hajui tena mahali. Papa Zagabe alinitazama mara moja tu. Sijasahau yale macho. Yalikuwa macho ya mutu aliye chini ya udongo, anayesikia wenzake juu wanatembea.

Kisha akaokota jiwe lake lenye kamba, akalishusha majini.

"Unafanya nini tena?" askari.

"Nasikiliza chini, chef."

"Unapima! Unapima maji sasa!"

"Chef," Papa Zagabe akasema polepole, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mutu anayebembeleza ng'ombe, "mi kama ni adui, nimekupeleka ku maji marefu, hujui kuogelea, mi pia sijui. Tutakufa sisi wawili na Firmin atabaki peke yake kueleza. Niache nisikilize."

Askari alinitazama mimi. "Weye unajua kuogelea?"

"Kidogo, chef."

"Usijaribu kujua sana."

Basi tukaenda kwa njia ile moja iliyobaki, jiwe likigonga na kupanda, likigonga na kupanda. Muchanga. Muchanga. Unajua kwa mukono, kamba inakwambia. Kule pwani nilimwona Apolline juu ya jiwe lake, mudogo, na komanda amesimama nyuma yake. Kisha jiwe halikugonga. Kamba ilikimbia, ikakimbia, Papa Zagabe akaikamata. Ukingo. Tukarudi nyuma kidogo, tukaenda upande, tukarudi, mpaka jiwe likashikwa na kitu laini kinachovutika. Matawi. Niliona mabega yake yanashuka, na mimi mwenyewe nikapumua.

Tukashusha ndoano zenye minyoo mpaka chini, kama siku zote.

Hakuna kitu.

Tukangoja. Jua likapanda. Samaki aliyemaliza kutaga haumi kama mwenye njaa, anagusa tu, kama mutoto anayevuta nguo ya mama yake kanisani. Lazima kidole chako kikae juu ya kamba na moyo wako unyamaze. Sasa moyo utanyamaza namna gani? Nilisikia wangu mpaka kwenye masikio. Kila nilipodhani nimeguswa, ni mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka.

"Ziko wapi?" askari akasema. "Papa, noki-noki, haraka! Jua inaniua."

"Zinakuja."

"Ulisema ziko. Sasa zinakuja? Zimepanda taksi?"

Papa Zagabe aliinamia kamba yake. Jasho lilikuwa linaanguka kutoka pua yake ndani ya ziwa. Pale nilianza kuomba, na sikuomba samaki, niliomba tu isiwe mbele ya Apolline.

Askari akasema turudi. Alikuwa ameshasema "turudi" mara ya pili, na bunduki ilikuwa imegeuka kidogo upande wa mbele, Papa Zagabe alipofanya kitu ambacho sikumwona anakifanya mbele ya siku ile. Alianza kuvuta kamba juu, si yote, urefu wa mukono, akangoja. Tena urefu wa mukono, akangoja. Alikuwa anawatafuta si chini tena, anawatafuta katikati.

"Mufereji ukijaa," akasema, na sijui alimwambia nani, "hawakai chini. Wanasimama tu mu maji, wametundikwa kama nguo."

Akavuta tena. Akangoja.

Kidole chake kikatikisika.

Hakuvuta kwa nguvu. Aliinua mukono taratibu kama mutu anayemwamusha mugonjwa, na kamba ikaenda pembeni, ikazunguka, na tilapia mupana, mwembamba tumbo kwa kazi ya kutaga, akatoka majini akipiga mukia. Yule askari akaruka kwa furaha, tukakaribia kuzama sote.

"Iko!" akapiga kelele. "Iko, iko! Leta ingine!"

Tukaleta. Nilipandisha ndoano yangu kiasi kile kile, na pale walikuwepo, wamesimama juu ya matawi kama watu wanaongoja bus. Papa Zagabe alivua, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyapangusa, mikono ilikuwa na kazi.

Tulirudi. Komanda aliangalia ndani ya mutumbwi muda murefu, kitambaa kwenye shavu.

"Kumbe ni kweli," akasema.

Akachukua samaki karibu wote, akamwachia Apolline mudogo mumoja kwenye beseni. Hakuna aliyelalamika. Apolline alikuwa ameshika mukono wa bwana wake, na mbele za watu, kitu ambacho hawakuzoea. Tulidhani imekwisha. Komanda akaanza kwenda, kisha akageuka, na alisema bila ubaya, kama mutu anayeacha zawadi.

"Muzee, jilinde na watu wako. Mutu mwenye alituambia, hakukuona toka pwani. Alisema unasimamisha kidole gumba, unafunga jicho la kushoto. La kushoto. Huyo alikuona karibu sana."

Wakapanda kilima. Sisi tukabaki pale na samaki mumoja.

Mimi sikusema kwa askari. Naandika hapa kwa mukono wangu, sikusema. Lakini hesabu wewe mwenyewe, kama nilivyohesabu pale pwani nikiangalia miguu yangu. Apolline hakuwahi kupanda mutumbwi, anatapika. Luc, kaka yake Apolline, alishika kasia mahali pangu mara moja nilipougua malaria, lakini alikuwa Luhwindja tangu mbele ya Pasaka. Mitumbwi mingine ilikuwa inapita karibu, ndiyo, asubuhi fulani, na watu walitusalimu, na labda mumoja wao ana macho makali. Labda. Nilitamani kumwambia Papa Zagabe, "Labda ni wale." Lakini mutu anayeanza kujitetea bila kushitakiwa, utamfikiri nini?

Kesho yake nilikwenda pwani, sikujua kama atanitaka. Alikuwepo. Akanipa kasia. "Twende, Firmin," akasema, kama siku zote.

Zamani alikuwa anakaa mbele akinipa mugongo, anaangalia maji. Tangu asubuhi ile alikaa akinielekea mimi. Alisema ni kwa sababu ya jua. Tulivua hivyo miaka miwili, magoti yake na yangu yakielekeana, na hatukuinua tena kidole. Alisikiliza chini kwa jiwe lake, nami nikaendesha. Alinigawia samaki sawasawa na mbele. Mutoto wangu alipozaliwa alimletea blanketi. Hakuniambia neno baya hata moja, na ningependa aniambie, maana mutu akikutukana unajua mahali umesimama. Usiku sikuogopa tena askari, niliogopa ule utulivu wake.

Mwaka ambao wakubwa walisema vita imekwisha, kifua kilimkamata. Nilikuwa naenda kumwona jioni, Apolline ananipa kiti na kutoka. Siku moja alikuwa na nguvu kidogo, akaniuliza maji ya ziwa yako namna gani. Nikamwambia mvua zimekatika, sahani ni tupu. Akatabasamu, akafunga macho. Nikaona kwamba nisiposema leo sitasema tena. Nilivuta kiti karibu na nikamwuliza, na yeye aliniangalia, akaomba maji ya kunywa, nikampa, akanywa, akageukia ukuta. Tulimzika juma lile. Baadaye nilimwuliza Apolline kama alimwambia kitu, akasema mambo ya wanaume ya mutumbwini hayajui. Na mimi ni muzee sasa, nimetembea Uvira, Goma, nimerudi, na swali bado nalibeba vile vile nilivyolisema siku ile kando ya kitanda:

"Papa Zagabe, ulifikiri ni mimi?"